Kusafiri kwa Ndege na Mashine ya Kusaidia Kupumua Usingizini: Mambo ya Kuzingatia

Na Mwandishi Wetu

Mtu anayeishi na tatizo la kukatika pumzi usingizini hulala kila usiku akiwa amevaa barakoa iliyounganishwa kwa bomba na mashine ndogo inayosukuma hewa kooni. Mtu huyo anaposafiri kwa ndege, mashine nayo haina budi kusafiri, kwa kuwa akilala bila kuitumia, dalili za ugonjwa huweza kurejea katika kipindi kifupi.

Tatizo hili hutokea pale misuli ya koo inapolegea usingizini na njia ya hewa kuziba, hivyo pumzi kukatika kwa sekunde 10 au zaidi, mara nyingi kwa usiku mmoja. Lisipotibiwa huambatana na shinikizo la juu la damu, magonjwa ya moyo na usingizi mzito mchana, jambo lililo hatari kwa dereva. Mashine ijulikanayo kwa kifupi kama CPAP, iliyobuniwa na Daktari Colin Sullivan na wenzake nchini Australia mwanzoni mwa miaka ya 1980, huizuia njia ya hewa isizibe. Ieleweke kuwa mashine hii husukuma hewa ya kawaida; si mtungi wa oksijeni, ambao una masharti yake tofauti.

Kabla ya safari

Msafiri anashauriwa kupata barua ya daktari inayotaja ugonjwa, aina ya mashine na kiwango cha shinikizo alichopangiwa. Barua hiyo humsaidia katika ukaguzi, na pia endapo mashine itaharibika ugenini.

Aidha, aijulishe kampuni ya ndege mapema, hasa akikusudia kuitumia mashine akiwa angani. Kwa safari za kwenda au kutoka Marekani, kanuni za nchi hiyo zinaruhusu kampuni kudai taarifa saa 48 kabla ya safari, na kumtaka msafiri awe na betri zinazotosha asilimia 150 ya muda wa safari. Kwa mfano, safari ya saa 14 itahitaji betri za saa 21. Abiria anayebadilisha ndege njiani aulize kila kampuni atakayoitumia, kwani masharti hutofautiana.

Mashine ikae na msafiri

Mashine isiwekwe katika mizigo inayokabidhiwa kaunta. Mzigo ukichelewa au kupotea, mgonjwa hubaki bila tiba. Kwa safari za Marekani, kifaa hiki hakihesabiwi katika idadi ya mabegi ya mkononi, na kampuni nyingi za nchi nyingine hufuata utaratibu kama huo. Hata hivyo, ni vyema kupata uthibitisho wa maandishi.

Katika ukaguzi wa usalama, msafiri huweza kutakiwa kuitoa mashine katika mfuko wake ili ipite kwenye eksirei. Mfuko safi wa plastiki angavu utaikinga dhidi ya uchafu wa trei. Chombo cha kuongeza unyevu kimwagwe maji na kukaushwa, kwani maji yaliyobaki huweza kuingia ndani ya mashine na kuiharibu.

Masharti ya betri

Betri za lithiamu huweza kushika moto, hivyo sheria za kimataifa zinakataza betri za akiba kuwekwa katika mizigo ya chini ya ndege. Uwezo wa betri hupimwa kwa wati-saa, unaopatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya volti 24 na ampea-saa 4 ina wati-saa 96.

Betri isiyozidi wati-saa 100 hubebwa mkononi bila kibali. Inayozidi 100 hadi 160 huhitaji idhini ya kampuni ya ndege, na za akiba haziruhusiwi kuzidi mbili. Inayozidi 160 hairuhusiwi kubebwa na abiria. Ncha za kila betri ya akiba zifunikwe ili zisigusane na chuma.

Ndani ya ndege na ugenini

Soketi za kwenye viti hazipatikani katika kila ndege, na umeme wake huenda usitoshe kuendesha mashine. Kuzima kifaa cha unyevu hupunguza sana matumizi ya betri. Pombe na dawa za usingizi ziepukwe, kwa sababu hulegeza misuli ya koo na kuzidisha tatizo.

Hewa ndani ya ndege huwa nyepesi, sawa na ya mahali palipo mita 2,400 juu ya usawa wa bahari au chini kidogo ya hapo. Mashine nyingi za kisasa hujirekebisha zenyewe. Mwenye mashine ya zamani amuulize daktari.

Umeme wa Tanzania ni volti 230, ilhali wa Marekani ni 120. Mashine yenye maandishi “100–240V” kwenye chaja yake huhitaji adapta ya plagi pekee. Waya mrefu wa umeme pia ubebwe, kwani soketi za hotelini mara nyingi huwa mbali na kitanda.

Msafiri aliyelala angani bila mashine asiendeshe gari mara tu anaposhuka. Apumzike kwanza, na usiku wa kwanza ugenini aitumie mashine yake kama kawaida.