Karne Iliyopotea kwa Kukosa Kipimo

Dawa ya rovu ilijulikana tangu 1820. Mwaka huo Jean-François Coindet, daktari wa Geneva, aliwapa wagonjwa iodini, ile tunayoiita madini joto, na uvimbe wa shingo ukapungua. Habari zikaenea, watu wakainywa kiholela. Baadhi wakakonda, mioyo ikawaenda mbio, na lawama zikamwangukia Coindet. Kwa karibu karne nzima madaktari wengi waliiogopa dawa hiyo.

Hofu hiyo iligharimu. Tezi ya thairoidi hutumia iodini kutengeneza homoni, ikiikosa, huvimba. Mjamzito akiikosa sana, mtoto anaweza kuzaliwa na ulemavu wa akili. Watoto wa namna hiyo waliendelea kuzaliwa katika vijiji vya milima ya Alps.

Mwaka 1918 daktari Otto Bayard alizigawia familia chache za Grächen, Uswisi, chumvi yenye iodini chembe tu. Marovu yakanywea, bila madhara. Mwaka 1922 Hans Eggenberger alikusanya saini za wananchi, na jimbo la Appenzell Ausserrhoden likaanza kuuza chumvi hiyo.

Bibi yangu, mzaliwa wa Makete, alikuwa na rovu. Kijijini walisema ni la ukoo, naye akalificha kwa khanga maisha yake yote. Kumbe tatizo lilikuwa udongo wa milimani, ambao mvua imeuosha madini joto. Leo mama hununua chumvi iliyotiwa madini hayo, na hakuna mjukuu wa bibi mwenye rovu.