Picha za ubongo katika utafiti wa uchovu sugu

Upigaji picha za ubongo ni mojawapo ya njia za kuchunguza ugonjwa wa uchovu sugu, maradhi ya muda mrefu yenye uchovu usioondoka kwa kupumzika, usingizi usioburudisha, kumbukumbu hafifu na hali inayozorota baada ya kujitumikisha. Kipimo cha MRI huonyesha umbo la ubongo na mabadiliko ya mtiririko wa damu ubongo unapofanya kazi. Kipimo cha PET hufuatilia kemikali yenye mionzi hafifu iliyodungwa mwilini.

Mwaka 2014, watafiti wa Japani waliwapima kwa PET wagonjwa 9 na watu 10 wenye afya, wakaona dalili za uvimbe wa tishu za neva kwenye sehemu za ubongo ziitwazo thalamasi na ubongo wa kati. Utafiti mdogo wa Uholanzi uliofuata haukuthibitisha hayo. Mwaka huohuo wa 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliripoti upungufu wa tishu nyeupe ya ubongo.

Hakuna picha inayotosha kuthibitisha ugonjwa huu. Daktari hutegemea dalili na historia ya mgonjwa. Tafiti kubwa zaidi zinahitajika, kwa kuwa wagonjwa wengi bado hudhaniwa wavivu ilhali wanaugua kweli.