Wapagazi wa Visiwa vya Moto

Ndani ya Ziwa Turkana mna visiwa vitatu vilivyozaliwa na volkeno: cha Kaskazini, cha Kati na cha Kusini. Cha Kati ndicho wageni wenye fedha hukiulizia zaidi. Kwenye miamba yake myeusi kunafuka mvuke hadi leo, na ndani ya mashimo ya volkeno mmetulia maziwa matatu madogo: la Mamba, la Flamingo na la Tilapia. Mamba huzaana humo, na ndege wanaohama kutoka Ulaya hutua kupumzika. Mgeni hufika Turkana kwa ndege ndogo, hulala kambini kwenye shuka safi, akavushwa kwa boti akiwa na kamera na maji baridi.

Safari za namna hii zina umri mkubwa kuliko injini ya boti, na sisi watu wa Kakamega tumo katika historia yake, ingawa kwenye vitabu vya wasafiri hatuonekani sana.

Mwishoni mwa 1883 msafiri Mskochi Joseph Thomson aliingia Mumias, mji wetu huku Kakamega ambao misafara ya pwani ilikuwa ikiuita Kwa Sundu, kwa jina la Shiundu, baba yake Nabongo (mfalme) Mumia. Mji ule wa Wawanga ulikuwa kituo ambapo msafara uliotoka kukata nyika ya Wamaasai ulipata unga, kuku, viazi na usingizi. Tukumbuke anasa ya Mzungu wa siku zile ilikaa juu ya kichwa cha nani. Hema, kitanda, beseni la kuogea, chupa za mvinyo, risasi na shanga za kununulia njia vyote vilifungwa mizigo ya ratili 60 na zaidi, takribani kilo 30, na kila mzigo ulikuwa na mtu wake. Wengi wa watu hao walitoka Zanzibar, Pangani na Mombasa, na wengi hawakurudi. Majina yao tunayajua machache mno.

Ndivyo alivyosafiri pia Mhungaria Count Samuel Teleki. Aliondoka Pangani mapema 1887 pamoja na Ludwig von Höhnel, ofisa wa jeshi la majini la Austria, wakifuatwa na wapagazi kwa mamia. Aliyewafungulia mlango wa bara alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Pangani aliyezijua njia, lugha na bei za huko kabla ya Teleki kuzisikia. Machi 1888 walifika kwenye ziwa. Waturkana na Waelmolo walikuwa wakinywa maji yake, wakivua na kunywesha mifugo, tangu enzi. Hata hivyo Teleki aliliita Rudolf, kwa heshima ya mwana wa mfalme wa Austria, na jina hilo likadumu hadi 1975, Kenya ilipolirudisha kwa wenyewe na kuliita Turkana.

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, misafara ilikauka, na Mumias ikaanza kupungukiwa. Mwaka 1920 makao ya serikali ya wilaya yakahamishiwa Kakamega. Ila anasa ya porini haikupungua, ilibadili gari tu. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani Marekani, alikuja na mwanawe Kermit, wapagazi zaidi ya 200 na maktaba ndogo ya vitabu vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe. Aliwinda hadi kwenye Mto Nzoia huko Uasin Gishu, mto huohuo unaoteremka kupita Mumias. Yeye na mwanawe waliua wanyama zaidi ya 500, wengi wakapelekwa makumbusho ya Washington.

Mwaka 1931 dhahabu ikapatikana karibu na Kakamega, na Wazungu wakamiminika na mahema yao. Ardhi ambayo sheria ya 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika milele ilichezewa Desemba 1932 kwa marekebisho yaliyoharakishwa ili wachimbaji wapite. Ukipanda kilima cha Lirhanda leo, ndani ya msitu, utalikuta handaki la wakati ule. Popo wamelifanya nyumba, na waongozaji wa kijijini huingia na wageni wakiwa na tochi.

Miaka michache baadaye, 1934, kijana Mwingereza Vivian Fuchs aliongoza msafara wa kisayansi Ziwa Rudolf. Wenzake wawili, Martin na Dyson, walivuka hadi Kisiwa cha Kusini. Moto wao ulionekana ukiwaka kule ng'ambo, kisha ukazimika, na watu hao hawakuonekana tena. Upepo wa kusini-mashariki katika ziwa lile ni jambo la kuogopwa, huvuma usiku kucha na asubuhi, na mawimbi yake hayana mchezo. Fuchs aliendelea hadi kuivuka Antaktika mwaka 1958. Huko Antaktika ndiko Lars-Eric Lindblad alikopeleka watalii mwaka 1966, na mwaka 1969 akazindua meli yake ya Lindblad Explorer iliyojengwa mahsusi kwa safari za aina hiyo. Tangu hapo kulipia ili upelekwe mahali pa mbali, penye volkeno na wanyama wasioogopa binadamu, kumekuwa biashara kubwa duniani, kuanzia Galápagos.

Sisi tuna kisiwa chetu bila bahari. Msitu wa Kakamega ni kipande cha msitu wa mvua wa Kongo kilichobaki upande wa Kenya hali ya hewa ilipokauka na mashamba yakaufuata msitu hadi mlangoni. Ndani yake wapo shorobo mkubwa wa buluu, hondohondo na mbega, na huko Kisere yupo karasinga mwenye ndevu nyeupe. Serikali ya kikoloni iliutangaza msitu wa hifadhi mwaka 1933, na upande wa kaskazini, Buyangu, ukawa hifadhi ya taifa 1985. Turkana nako hali ni hiyohiyo: mamba na sangara wa ziwa lile ni jamaa za wale wa Nile, waliobaki ndani maji yalipopungua na njia ya kwenda mtoni ikakatika. Tena mlima mmoja unatuunganisha. Turkwel huanzia Mlima Elgon na kwenda Turkana, na vijito vingine vya mlima huohuo hushuka kuingia Nzoia, kwetu.

Visiwa vya Kati na Kusini vilifanywa mbuga za taifa miaka ya 1980, na vikaingia kwenye urithi wa dunia, cha Kati 1997 na cha Kusini 2001. Mwaka 2018 UNESCO iliviweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya mabwawa ya Ethiopia kwenye Mto Omo, unaoleta sehemu kubwa sana ya maji ya ziwa. Hata hivyo, miaka ya karibuni ziwa limepanda na kumeza fukwe na makazi ya wavuvi.

Wawekezaji wakija na meli za kifahari kutembeza wageni visiwani, nataka manahodha wa Kalokol na Loiyangalani, huko kando ya ziwa, wawe na hisa ndani yake na wawe na neno la mwisho kuhusu saa ya kung'oa nanga. Nataka na majina yao yaandikwe kwenye orodha ya wafanyakazi, mahali mgeni atakapoyasoma kabla ya kupanda.