Gari la Umeme Mwanza: Nani Aanze?

Mjadala wa magari ya umeme nchini Tanzania hupenda kuanzia mbali. Anayeyatetea huanza na hali ya hewa ya dunia. Anayeyatilia shaka huanza na umeme kukatika. Jijini Mwanza swali la kwanza hujibiwa na miamba. Mabatini, Igogo na kwenye milima mingine inayozunguka katikati ya jiji, nyumba nyingi zimejengwa juu ya mawe, na njia ya kuzifikia ni ya miguu. Mwenye gari huliegesha chini, penye mlinzi au kwa jamaa mwenye geti, kisha hupanda. Watengenezaji wa China, Japani na Ulaya huchukulia kwamba dereva ana ukuta wa kuchomekea waya na gari likalala karibu nao. Kwa mkazi huyu waya huo hauna pa kupita.

Lakini betri ya pikipiki hufunguliwa na kubebwa. Hapo ndipo ilipo hoja ya makala haya: umeme unamfaa dereva wa kazi wa Mwanza, yaani bodaboda na bajaji, mapema kuliko unavyomfaa mwenye gari dogo la familia. Manufaa hayo hata hivyo hayatamfikia bila kurekebishwa kwa bei ya umeme na kwa mkataba wa betri.

Kijiweni fedha ndiyo husemwa kwanza. Bodaboda anayezunguka kilometa 100 kwa siku kati ya Igoma, Buzuruga na Nyegezi hutumia takriban lita mbili na nusu za petroli. Lita ikiwa shilingi 3,000, kiwango ambacho jiji limekizoea miaka ya karibuni, anaacha sheli shilingi 7,500. Pikipiki ya umeme kwa mwendo huohuo huhitaji uniti nne hivi, pamoja na zile zinazopotea wakati wa kuchaji. Kwa bei ya kawaida ya TANESCO, shilingi 292 kwa uniti, ambayo kodi na tozo huifikisha 356, gharama haifiki 1,500. Pengo la shilingi 6,000 kwa siku ni kubwa kwa mtu ambaye kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri. Isitoshe, Mwanza iko mbali na bandari. Petroli inayoshushwa Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilometa 1,100, na bei kikomo za EWURA za kila mwezi huudhihirisha umbali huo. Gesi asilia, ambayo madereva wengi wa Dar es Salaam wameikimbilia, si njia ya mkato kwa Kanda ya Ziwa, kwa kuwa bomba kutoka Mtwara na Songo Songo linaishia pwani. Umeme umeshafika.

Umefika, lakini kwa bei mbili. Mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Akizidi, nafuu hiyo inamtoka. Bodaboda anayetumia uniti nne kwa siku 26 za kazi anafikisha uniti 104, hata kabla ya kuwasha taa moja ya nyumba yake. Chukua familia inayotumia uniti 50 kwa mwezi: leo inalipa takriban shilingi 6,100. Ikianza kuchaji pikipiki hiyo na kuhamishiwa bei ya kawaida, malipo yote yanakaribia shilingi 55,000, maana hata uniti za taa na redio zimepanda bei. Bado ni nafuu kubwa mbele ya petroli ya shilingi 195,000 kwa mwezi, na hakuna sababu ya kuficha hilo. Tatizo linawaangukia wengine. Madereva wengi wamepanga, na mita moja ya LUKU hutumiwa na vyumba kadhaa vinavyochangiana sawasawa. Mpangaji anayechaji betri usiku kucha atakuwa analipiwa na mjane wa chumba cha pili. Mwenye nyumba akimkataza, atakuwa na haki. Muundo wa bei uliobuniwa kumlinda mnyonge haukuwahi kumfikiria mnyonge anayeendesha chombo cha umeme.

Mwenye gari dogo ana shida za aina nyingine. IST, Vitz na Passo zilizojaa barabara ya Makongoro na ya Kenyatta zimetoka Japani zikiwa zimetumika, na zimekuja na teknolojia iliyotengenezewa watu wengine. Kuna redio inayoishia masafa ya 90, kwa sababu FM ya Japani huanzia 76; kuna sauti ya mwanamke inayotoa onyo kwa Kijapani kila gari linapowashwa; kuna ramani ya miji ambayo dereva hataiona. Watu wamevumilia, kwa kuwa injini ilibaki injini. Kwenye gari la umeme skrini hiyo ndiyo inayoeleza afya ya betri, na betri ndiyo sehemu kubwa ya thamani ya gari. Nissan Leaf iliyoanza kuuzwa Desemba 2010 ilikuwa na betri ya kilowati-saa 24 isiyo na mfumo wa maji wa kuipoza, na vipimo vya Marekani viliipa takriban kilometa 117 ikiwa mpya. Joto la Mwanza, kwenye mwinuko wa takriban meta 1,140, si kali kama la pwani, kwa hiyo adui mkubwa ni umri. Betri iliyobaki na asilimia 70 inampa mnunuzi kilometa 80 hivi. Zinatosha kwenda Kisesa na kurudi. Hazitoshi kwenda Geita, safari ambayo daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa tatu, limeirahisisha tangu lilipofunguliwa Juni 2025. Na gari la familia hununuliwa pia kwa ajili ya misiba, harusi na Krismasi ya kijijini.

Kisha yuko fundi. Gereji za Nyakato zimezoea betri ya volti 12. Ya Leaf hufanya kazi kwenye volti 360 hivi, na anayeigusa kwa mazoea anaweza kufa. Hii ni kazi ya VETA, na iende mbele ya magari yenyewe.

Majirani wameanza kwa namna mbili. Ethiopia mwaka 2024 ilizuia uingizaji wa magari binafsi ya mafuta. Rwanda ilianza na wanaobeba abiria: kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za petroli hazisajiliwi tena kwa kazi hiyo jijini Kigali, mji wa milima kama Mwanza. Kampuni ya Ampersand, iliyoanza huko mwaka 2019, humuuzia dereva pikipiki bila betri. Ikiisha chaji anaibadilisha kituoni na kuendelea na kazi. Mfumo huu unafaa Mwanza kwa sababu unaondoa gharama kubwa ya mwanzo na unamwepusha dereva na ugomvi wa LUKU.

Una hatari yake, na inastahili kutajwa wazi. Pikipiki ya mkataba wa kawaida, dereva akimaliza kulipa, ni mali yake kamili, na petroli anainunua sheli yoyote. Pikipiki isiyo na betri ni nusu ya mali. Kampuni ikipandisha bei, au ikifunga vituo, mwenye pikipiki amebaki na chuma. Kwa hiyo kabla kampuni hizo hazijaenea Kanda ya Ziwa, TBS iweke kipimo kimoja cha betri na soketi yake, ili betri ya kampuni moja ikae kwenye pikipiki ya nyingine.

Ziwa lenyewe lina mfano wa karibu. Mbita, upande wa Kenya, kampuni ya WeTu huchaji kwa umeme wa jua taa za wavuvi wa omena, ambao Mwanza ni dagaa, na vituo hivyo vikawa msingi wa kujaribu vyombo vya umeme. Kazi iliyokuwapo ilitangulia, usafiri ukafuata. Mialo ya Kirumba na Ukerewe ina wavuvi wa usiku wenye mahitaji yaleyale.

Kuhusu uwezo wa gridi, Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, na usiku wa manane mahitaji hupungua. Wateja wadogo hata hivyo hulipa bei ileile usiku na mchana. EWURA inaweza kuanza na mita za pekee za kuchajia kwenye vijiwe, zenye bei ya usiku, zikisimamiwa na vyama vya madereva ambavyo tayari vipo. Mita ya namna hiyo Buzuruga au Nyegezi ingetenganisha umeme wa kazi na umeme wa nyumbani, na kumwachia mpangaji wa chumba cha pili uniti zake 75.