Usukani wa kampuni moja, pedali za kampuni nyingine: namna ya kuviunganisha kwenye kompyuta

Anayenunua usukani wa michezo ya magari uliokwisha kutumika hukutana mara kwa mara na hali moja: usukani upo na mota yake inazunguka vizuri, lakini pedali hazipo, au zipo na zimechoka. Muuzaji humwambia kwamba hana budi kununua seti nzima upya. Kwa mwenye kuchezea mashine ya PlayStation au Xbox, kauli hiyo ina ukweli mwingi. Kwa mwenye kutumia kompyuta, aghalabu si kweli, na kuijua tofauti hiyo kunaweza kumwepusha na gharama kubwa.

Suala hili limewakaribia wasikilizaji wetu zaidi tangu mashindano ya Safari Rally ya nchi jirani ya Kenya yaliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu mwaka 2002. Mashindano hayo yamo katika michezo ya kompyuta ya WRC 9 ya mwaka 2020 na EA Sports WRC ya mwaka 2023, na kijana aliyeyatazama kwenye televisheni hutaka kujaribu barabara hizo za vumbi akiwa nyumbani. Akianza kwa vitufe vya kibodi, hugundua upesi kwamba gari haliendeshwi kwa vidole. Hapo ndipo safari ya kutafuta usukani huanza.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno. Kamusi zinalo neno kanyagio, nalo ni neno zuri. Lakini mafundi na madereva husema pedali, nasi tutawafuata. Simuleta ni mchezo wa kompyuta unaojitahidi kufuata mwenendo wa gari halisi: uzito wake, mshiko wa matairi, na jinsi linavyoteleza. Assetto Corsa, iRacing na rFactor 2 ni miongoni mwa simuleta zinazojulikana zaidi.

Nani anazungumza na kompyuta?

Katika seti iliyouzwa pamoja, pedali hazizungumzi na kompyuta hata kidogo. Waya wake huingia katika kasha la usukani, lile lenye mota. Kasha ndilo linalosoma mguu umekanyaga kiasi gani, kisha hupeleka habari zote, za mikono na za miguu, kwa waya mmoja wa USB. Pedali za Logitech G25, G27 na G29 zimeundwa hivyo. Ndani yake mna vihisi vitatu tu, na mwisho wa waya pana plagi ya pini tisa. Hazina sakiti ya kuzitambulisha kwa kompyuta. Zikitenganishwa na kasha lake, ni bubu.

Zipo pedali nyingine zilizopewa sakiti yake ndogo na waya wake wa USB. Thrustmaster T-LCM, kwa mfano, zina njia zote mbili: zinaweza kuchomekwa katika kasha la usukani wa kampuni hiyo hiyo, au zikaenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Fanatec ClubSport V3 nazo ni hivyo. Zikichomekwa kwa USB, kompyuta huona vifaa viwili vilivyo mbalimbali, huku usukani na huku pedali, wala haiulizi vilitoka kiwanda gani. Msingi wote wa kuchanganya vifaa ni huo: kila kifaa kijitambulishe chenyewe. Kinachobaki ni simuleta kukubali kuvisikiliza vyote viwili kwa wakati mmoja, na hizo tatu tulizozitaja hukubali.

Mashine za PlayStation na Xbox hufuata kanuni nyingine. Huko pedali ni lazima zipitie katika kasha la usukani lenye kibali cha mashine hiyo, kwa hiyo pedali za USB za kampuni nyingine hazitambuliki.

Mwenye pedali bubu asikate tamaa. Huuzwa adapta ndogo ambazo upande mmoja hupokea plagi ya pedali na upande wa pili hutoa USB. Fanatec huuza adapta ya namna hiyo kwa pedali zake zisizo na USB, na kwa pedali za Logitech zipo za watengenezaji mbalimbali. Njia ya tatu ni ya mafundi: kutumia bodi ndogo ya Arduino. Hapa pana mtego. Bodi inayofaa ni Leonardo au Pro Micro, zenye chipu ya ATmega32U4, kwa sababu chipu hiyo inaweza kujitambulisha kwa kompyuta kama kidhibiti cha mchezo. Uno ya kawaida yenye chipu ya ATmega328P, ambayo ndiyo hukutwa kwa wepesi zaidi, haiwezi kufanya hivyo bila hila za ziada. Wengi huinunua kwanza, kisha hurudi dukani.

Kosa moja hugharimu zaidi kuliko yote. Pedali za Fanatec, Thrustmaster na kampuni nyingine kadhaa hutumia plagi ndogo ya plastiki inayofanana na ya simu ya mezani. Plagi ya kampuni moja huingia vizuri katika tundu la kampuni nyingine, hata ikalia "ta!" kama kwamba imefika nyumbani. Lakini mpangilio wa nyaya ndani yake haulingani. Waya unaobeba umeme kwa kampuni hii unaweza kuwa ndio waya wa kurudisha ishara kwa kampuni ile, na matokeo yake ni kihisi au sakiti kuungua. Hali kadhalika, ile plagi ya pini tisa ya Logitech inafanana na matundu yaliyokuwa nyuma ya kompyuta za zamani. Kufanana huko ni kwa umbo tu. Katika kuchanganya vifaa vya kampuni mbili, waya unaopaswa kugusa kompyuta ni wa USB peke yake.

Breki kwanza, usukani baadaye

Wanunuzi wengi hutazama kwanza nguvu ya mota ya usukani. Nguvu hiyo hupimwa kwa Nm, na Nm 1 ni karibu sawa na uzito wa kilo moja ukining'inia sentimita 10 kutoka katikati ya mhimili. Logitech G29 hutoa takriban Nm 2. Fanatec CSL DD, ambayo mota yake imeshikana na mhimili wa usukani bila gia wala mkanda, hutoa Nm 5, na hufika Nm 8 ikiwa na kigeuza-umeme kikubwa zaidi. Tofauti hiyo mkono huihisi mara moja. Hata hivyo, kwa mtazamo wa mwandishi wa makala haya, mwenye fedha za kubadilisha kifaa kimoja tu abadilishe pedali, hasa kwa ajili ya breki.

Sababu imo katika kihisi. Pedali za bei nafuu hutumia potenshiometa, kifaa kile kile kilichomo nyuma ya kitufe cha kuzungusha cha kupandishia sauti ya redio. Kila msikilizaji wa redio ya zamani anaujua ugonjwa wake: vumbi likiingia, kitufe hukwaruza, na sauti huruka juu na kushuka yenyewe. Pedali nayo huugua vivyo hivyo. Mguu umetulia, lakini gari kwenye skrini linapiga breki na kuachia. Mwandishi aliwahi kukaa miezi kadhaa akidhani mguu wake ndio wenye kasoro, kumbe ni vumbi. Fundi wa redio anaweza kuipulizia dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, na mara nyingi pedali hupona kwa muda. Kabla ya kununua kitu chochote, hilo lijaribiwe kwanza.

Kuna pia vihisi vya sumaku, ambavyo havina sehemu zinazosuguana na kwa hiyo havichakai upesi. Kwa pedali ya mafuta na ya klachi vinatosha kabisa.

Breki ni habari nyingine. Potenshiometa na sumaku hupima pedali imesogea umbali gani. Katika gari halisi, pedali ya breki husogea kidogo, kisha hukaza. Kuanzia hapo dereva huongeza nguvu, si umbali. Mguu wa binadamu hukumbuka nguvu kuliko unavyokumbuka sentimita. Ndiyo maana pedali bora huwekewa kihisi cha uzito, kile kile kilichomo ndani ya mizani ya kielektroniki ya dukani. T-LCM hupima hadi kilo 100. Dereva anayetaka asilimia 80 ya breki husukuma kwa nguvu ile ile kila kona, na gari husimama pale pale kila mzunguko. Mwenye kupoteza muda katika simuleta huupoteza zaidi anapoingia kwenye kona, na mota yenye nguvu haitamsaidia hapo.

Fundi anayetaka kuweka kihisi cha uzito katika pedali za zamani atahitaji pia chipu ya kukuza ishara, na inayotumika zaidi ni HX711. Bodi nyingi za chipu hiyo hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kusoma mara 10 kwa sekunde. Kwa mizani ya sukari hilo halina neno. Kwa gari linalokwenda kilomita 180 kwa saa, ni mita tano kati ya somo moja na jingine. Chipu hiyo hiyo inaweza kusoma mara 80 kwa sekunde ikibadilishwa muunganisho wa pini moja, na kazi hiyo ifanywe kabla pedali hazijafungwa.

Kuvitambulisha ndani ya mchezo

Vifaa vikishachomekwa, usifungue mchezo kwanza. Katika Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, na orodha ya vidhibiti itatokea. Usukani na pedali vionekane kila kimoja kwa jina lake. Fungua pedali, kanyaga moja baada ya nyingine, na utazame mstari ukipanda na kushuka. Mstari ukitetemeka mguu ukiwa umetulia, kasoro ni ya kihisi au waya, wala hakuna mpangilio wa mchezo utakaoiponya.

Ndani ya mchezo, ondoa kwanza pedali zote zilizogawiwa kasha la usukani, kwani kasha lisilo na pedali huweza kuendelea kutuma thamani yoyote ile, hata nusu ya breki. Kisha gawa upya mafuta, breki na klachi kwa kifaa kipya. Baadhi ya pedali hutuma ishara kinyume, yaani mguu ukiwa juu mchezo hudhani umekanyaga hadi mwisho. Michezo mingi ina chaguo la kugeuza. Angalia pia chaguo la kuunganisha mafuta na breki katika mhimili mmoja, lililowekwa kwa ajili ya michezo ya zamani. Likiwa limewashwa, kukanyaga vyote viwili kwa pamoja hufutana, na dereva wa rally anayeshikilia mafuta huku akigusa breki kwa mguu wa kushoto hapati chochote.

Kwa breki ya uzito, kipimo cha juu kiwekwe mahali ambapo mguu unaweza kufika mara mia bila kuchoka, si mahali pa nguvu zako zote. Wanaojisifu kwa kilo 90 huchoka kabla ya mzunguko wa kumi.

Michezo mingine ya zamani husikiliza kidhibiti kimoja tu. Kwa hiyo ipo programu ya bure iitwayo vJoy, inayounda kidhibiti cha kubuni ndani ya kompyuta. Programu nyingine, kama Joystick Gremlin, hukusanya ishara za usukani na pedali na kuzimimina humo, na mchezo ukaona kifaa kimoja. Inafanya kazi, ila huongeza kitu kimoja zaidi cha kuharibika, na pengine mota ya usukani ikaacha kurudisha mtikisiko wa barabara. Itumike pale tu panapokosekana njia nyingine.

Baada ya kupanga yote, kila waya urudi katika tundu lile lile la USB kila siku. Ukihamisha, baadhi ya michezo huona kifaa kigeni na kufuta mpangilio wote.

Kuhusu duara lenyewe la usukani, habari ni fupi. Maduara mengi hufungwa kwa skrubu sita katika mviringo wa milimita 70, kipimo cha magari ya mashindano, na kwa hiyo chuma hukubaliana. Vitufe havikubaliani: kila kampuni ina lugha yake kati ya duara na kasha. Duara la kampuni nyingine litashika na kugeuka, lakini vitufe vyake vitakuwa pambo, isipokuwa liwe na waya wake wa USB.

Limebaki jambo la sakafuni. Breki ya kilo nyingi humsukuma dereva nyuma kadiri yeye anavyoisukuma mbele, na kiti cha ofisini chenye magurudumu humrudisha hadi ukutani katika kona ya kwanza. Walio na nafasi hutengeneza fremu ya mbao au chuma inayoshika kiti na pedali pamoja. Wasio nayo huegemeza ubao wa pedali ukutani na kutumbukiza kila gurudumu la kiti ndani ya kiatu kikuukuu. Havipendezi kutazamwa, lakini kiti hakisogei.