Daraja Lililovunjika la Mto Abbay

Sisi watu wa Katanga twajua maana ya mto uliojaa. Mvua zikinyesha sana, Lufira yapanda, na mgonjwa aliye ng'ambo hampati mganga. Basi sikilizeni habari za daraja moja la mawe huko Ethiopia, nchi ambayo wazee waliiita Uhabeshi.

Mto Abbay, yaani Nili ya Buluu, hupita katikati ya magenge marefu, hata kuuvuka ni kazi kubwa. Zamani za mfalme Susenyos, aliyeingia dini ya Kikatoliki mwaka 1622, mapadre Wajesuiti walikuwapo, na ufundi wa kujenga kwa mawe na chokaa ulienea. Mwanawe Fasilides (1632–1667) aliwafukuza mapadre, lakini ufundi hakuufukuza. Katika siku zake likajengwa daraja la matao, mfano wa madaraja ya kale ya Ulaya.

Miaka mingi wachuuzi, wakulima na punda wao walipita juu yake. Mwaka 1935 Waitalia waliishambulia nchi. Katika vita hiyo wenyeji walivunja tao la katikati ili adui asivuke. Vita ikaisha mwaka 1941, lakini pengo likabaki. Watu huliita Sebara Dildiy, maana yake Daraja Lililovunjika.

Tangu hapo mtu akitaka kuvuka alijifunga kamba, na wanaume wa upande wa pili wakamvuta juu ya maji. Kamba ikikatika, ndiyo kufa. Wakavuka hivyo miaka sitini.

Mwaka 2001 mjenzi Mmarekani, Ken Frantz, aliona picha yao gazetini. Mwaka 2002 pengo likazibwa kwa vyuma. Mwaka 2005 mafuriko yakavichukua. Mwaka 2009 likajengwa daraja jipya la kuning'inia, lililo juu zaidi.

Tazameni basi: kuvunja ni kazi ya siku chache, kurudisha kulipita umri wa mtu. Na si vita tu ivunjayo. Mti ukiota kati ya mawe, chokaa hulegea; maji yakichimba mguu wa nguzo, tao huanguka. Kwa hiyo tukiona ufa darajani kwetu, tusiseme, "Ni kazi ya serikali," tukapita. Tung'oe mti ungali mche, tupeleke habari mapema. Jirani wa ng'ambo atutegemea.