Chuma nacho kina uzi wake

Hivi majuzi hapa Kizingo, fundi alinikatia vipande viwili kutoka bamba moja la chuma ili avikunje viwe vishikio vya tangi la maji. Kilichokatwa kwa urefu wa bamba kilikunjika vizuri. Kilichokatwa kwa upana kikapasuka kwenye mkunjo. Fundi alilaumu bamba. Mimi nasema bamba halikukosa.

Seremala wa Mji wa Kale hutazama uzi wa mbao kabla hajaanza kuchonga mlango. Chuma nacho kina uzi, ila huu hutiwa kiwandani.

Ndani ya chuma mna chembe ndogo ziitwazo fuwele. Katika kila fuwele atomi zimepangika kama visanduku: moja kwenye kila pembe, na moja katikati. Mwanzoni kila fuwele imeelekea kwake. Chuma baridi kikibanwa katikati ya roli, kama wafanyavyo Mabati Rolling Mills kule Mariakani, fuwele hulala bapa, hurefuka na kugeuka kidogo kidogo, hadi nyingi zikaelekea upande mmoja kama safu za swala. Takataka ndogo zilizomo nazo huvutwa zikawa nyuzi. Chuma kikipitishwa kwenye roli kikiwa cha moto sana, fuwele mpya huzaliwa na safu hulegea, lakini nyuzi za takataka hubaki. Mkunjo uliolala sambamba na nyuzi hizo hupasuka upesi; unaozikata hustahimili zaidi.

Uzi huu una faida pia. Mwaka 1934 Mmarekani Norman Goss alipata hataza ya kubana na kupasha moto chuma chenye silikoni, hata kingo za visanduku zikafuata njia ya roli. Usumaku hupita kwa wepesi upande huo. Ndiyo sababu chuma cha aina hiyo hutumika ndani ya transfoma za stima, umeme usipotee bure kwa joto.

Basi ndugu zangu, kabla bamba halijakatwa, mwambieni fundi achore mshale kufuata njia ya roli, ambayo kwa kawaida ndiyo urefu wa bamba, na mkunjo aukatize mshale huo. Tangi la lita 1,000 likijaa, maji pekee yana uzito wa tani moja, na chini yake watoto wetu hucheza.